Difu lipi kwa lori linalovuta tela? Mwongozo kamili kwa malori ya gia za mkono, Kigoma na Tabora

Kosa ni lilelile kila msimu. Mwenye lori anaambiwa difu (gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) la namba ndogo linakula mafuta kidogo. Anaagiza Dar es Salaam, linafungwa, na likiwa tupu lori linateleza barabarani vizuri kabisa. Siku tela linapopakiwa tumbaku Urambo au mawese Kigoma, klachi inaanza kunuka kwenye mlima wa kwanza. Baada ya miezi michache inashushwa giaboksi, inabadilishwa pleti ya klachi, na lawama anabeba dereva.

Mara nyingi dereva hana kosa. Lori la gia za mkono halina kitu kingine cha kulainisha mwanzo wa safari isipokuwa klachi. Difu likichaguliwa vibaya, klachi ndiyo inayolipa. Mwongozo huu unakupeleka kwenye namba sahihi kabla hujatoa fedha, kwa hesabu ambazo simu ya kawaida inazimudu.

## Andaa hivi kwanza

- Chaki, futi kamba ya mita 20 au zaidi, kalamu na daftari
- Jeki inayobeba ekseli ya nyuma, stendi 2 imara, na vigingi 4 vya kuzuia matairi
- Mbao iliyonyooka ya mita 2 na pima maji
- Karatasi ya mizani ya safari yenye mzigo kamili, lori na tela pamoja
- Kitabu cha gari, au picha ya kibati cha kiwandani, chenye namba za gia, toki ya injini (nguvu yake ya kuzungusha) na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa lori na tela kwa pamoja

Ukikosa karatasi ya mizani, usiendelee kwa kukadiria. Makadirio ya magunia hudanganya, hasa mzigo ukiwa na unyevu.

## Namba ya difu inasema nini

Ndani ya difu kuna kronwili, ile gia kubwa ya duara, na pinioni, gia ndogo inayoiendesha. Kronwili ikiwa na meno 39 na pinioni meno 7, gawanya: 39 ÷ 7 = 5.571. Maana yake propela, shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 5.571 ili tairi lizunguke mara moja.

Namba kubwa inavuta zaidi na kukimbia kidogo. Namba ndogo inakimbia zaidi na kuvuta kidogo. Kwenye malori ya kati utakutana mara nyingi na 39/8 (4.875), 41/8 (5.125), 39/7 (5.571), 37/6 (6.167) na 40/6 (6.667).

Ukizungumza na muuzaji, taja meno. Maneno kama "difu zito" na "difu jepesi" gereji moja inayatumia hivi na nyingine kinyume chake, na fedha za watu zimepotea kwa sababu hiyo.

Katika mwongozo wote tutatumia lori moja la mfano: gia 6 zenye namba 6.70, 4.00, 2.35, 1.50, 1.00 na 0.75. Toki ya juu ni kilo-mita 70 (kilo mara mita, si kilomita za barabara) kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika, na eneo la kijani kwenye saa ya mizunguko ni 1,200 hadi 1,900. Uzito wa pamoja ni tani 24: lori tani 16, tela tani 8. Weka namba za lori lako mahali pa hizi. Kitabu kikikupa toki kwa Nm, gawanya kwa 9.81 upate kilo-mita.

## Hatua ya 1: Jua difu ulilonalo sasa

Usiamini kibati peke yake. Lori lililotumika limeshapita mikono mingi, na difu lililomo huenda si lile lililotoka nalo kiwandani.

Simamisha lori tupu mahali tambarare, penye ardhi ngumu. Fungua tela. Weka vigingi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, pande zote mbili. Nyanyua upande mmoja wa ekseli ya nyuma na uweke stendi chini yake. Upande wa pili ubaki chini. Zima injini, toa ufunguo, weka gia huru.

Onyo: malori mengi ya Kijapani yana handibreki inayokamata propela nyuma ya giaboksi. Ili uzungushe tairi lazima uiachie, na ukiiachia lori linashikiliwa na vigingi tu. Mtu asilale chini ya lori kabla vigingi havijakaa barabara.

Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi lililoinuliwa. Mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, mwingine ahesabu propela. Gawanya hesabu ya propela kwa 10. Kwa nini 10 na si 20? Kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama, hivyo kronwili inazunguka nusu tu ya tairi linalozungushwa.

Ukipata mizunguko 55 na zaidi kidogo ya nusu, difu lako ni 39/7. Ukipata 48 na robo tatu, ni 39/8. Ukipata karibu 61 na theluthi mbili, ni 37/6. Rudia mara mbili. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya robo mzunguko, mmoja wenu amepoteza hesabu.

Lori lenye madifu mawili nyuma linapimwa kwenye propela fupi iliyo katikati ya madifu hayo, kwa kunyanyua tairi la difu la mwisho.

Njia hii ina faida nyingine: ikiwa lori lako lina gia za kupunguza mwendo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), hesabu ya tairi na propela inazijumuisha. Anayehesabu meno ya kronwili peke yake hazioni.

## Hatua ya 2: Pima mzingo wa tairi likiwa na mzigo

Lori likiwa limepakiwa na upepo ukiwa sawa, chora alama ya chaki chini ya tairi la nyuma na nyingine ardhini hapohapo. Sogeza lori mbele polepole tairi lizunguke mara 5. Pima umbali, gawanya kwa 5.

Tairi la 10.00R20 hutoa karibu mita 3.20. Gawanya kwa 6.283 upate urefu kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini: mita 0.509. Andika namba zote mbili.

Usipime tairi tupu, maana likibeba mzigo linabonyea na mzingo unapungua. Na kama una mpango wa kuhamia tairi kubwa, pima hilo. Kutoka mzingo wa 3.20 hadi 3.30, difu la 6.167 linafanya kazi kama la 5.98. Wapo wanaobadilisha tairi na difu mwezi mmoja, kisha wanashangaa nguvu waliyoilipia haionekani.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali pabaya kuliko pote utakapolazimika kusimama na kuondoka

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafikiria mlima mrefu wa lami, wa kwenda Kasulu au Manyovu. Mlima ule unaupanda ukiwa tayari una mwendo. Mahali panapoamua difu ni pale ambapo lori limesimama, tela limejaa, na lazima liondoke: njia ya kutokea ghala la tumbaku, njia ya kupandisha mzigo kutoka mwaloni, kona ya changarawe ambapo umempisha mwenzako.

Pima mteremko kwa mbao ya mita 2. Ilaze barabarani kuelekea juu, inyanyue upande wa chini mpaka pima maji ilale sawa, kisha pima pengo. Pengo la sentimita 24 ni 24 ÷ 200, yaani asilimia 12. Pima sehemu kadhaa ndani ya urefu wa lori na tela, uchukue wastani wa urefu huo. Tuta fupi la mita moja halihesabiki.

Kisha ongeza uzito wa barabara yenyewe: lami nzuri asilimia 1, changarawe iliyoshindiliwa asilimia 2, mchanga uliolegea asilimia 8 au zaidi.

Namba hiyo ya mchanga ndiyo inayowaumiza watu wa Tabora. Ardhi ya kule ni tambarare, ndiyo, lakini njia ya mchanga kati ya shamba na barabara kuu inakula nguvu kuliko mlima wa lami wa asilimia 6. Ukisema "sisi hatuna milima" ukanunua 4.875, lori litakwama kilomita 2 kutoka ghalani.

## Hatua ya 4: Hesabu nguvu ya kuondoka

Kwanza nguvu inayohitajika, kwa kilo:

Uzito wote × (mteremko + uzito wa barabara)

Mlima wa changarawe wa asilimia 12 upande wa Kigoma: 24,000 × (0.12 + 0.02) = kilo 3,360.

Njia ya mchanga Tabora yenye mteremko wa asilimia 4: 24,000 × (0.04 + 0.08) = kilo 2,880.

Sasa ongeza akiba ya asilimia 15. Akiba hii si anasa. Injini inachoka, dizeli si safi kila mahali, na siku moja mzigo utakuwa umeloa. Kigoma inakuwa 3,864, Tabora 3,312.

Pili, nguvu uliyonayo:

Toki ya kuondokea × gia namba moja × difu × 0.85 ÷ urefu wa kitovu hadi ardhini

Toki ya kuondokea si ile ya juu iliyo kitabuni. Unapoachia klachi injini iko chini ya mizunguko ya toki ya juu, kwa hiyo chukua asilimia 80: 70 × 0.8 = 56. Ile 0.85 ni kinachobaki baada ya giaboksi, krosi za propela na difu kuchukua sehemu yao.

Kwa lori letu:

| Difu | Nguvu ya kuondoka (kilo) | Mteremko wa juu kwenye changarawe |
|---|---|---|
| 39/8 (4.875) | 3,054 | asilimia 10.7 |
| 39/7 (5.571) | 3,490 | asilimia 12.5 |
| 37/6 (6.167) | 3,864 | asilimia 14.1 |

Soma jedwali pamoja na mahitaji. Kwa mlima wa Kigoma, 4.875 haiondoki kabisa. 5.571 inaondoka, lakini akiba yake haifiki asilimia 4, na hiyo italiwa na pleti ya klachi. 6.167 inatosha na akiba yake kamili. Kwa mchanga wa Tabora, 5.571 inatosha vizuri, na 6.167 ingekuwa ziada.

Injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi): punguza toki kwa karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari. Kigoma mjini, kando ya ziwa, uko karibu mita 770; Tabora uko karibu mita 1,200. Injini hiyo ikifika Tabora imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, na ukipanda nyanda za juu za Kasulu hali ni ileile au zaidi. Injini yenye tabo nzima inapoteza kidogo mno, usiihesabie.

## Hatua ya 5: Hesabu joto la klachi

Ukiachia klachi, pleti inasugua mpaka mwendo wa injini na wa magurudumu uwe mmoja. Msuguano huo wote ni joto, na joto hilo linakua kwa mraba. Ndiyo maana tofauti ndogo ya difu inaleta tofauti kubwa ya klachi.

Kwa gia namba moja kwenye mizunguko 1,000, lori letu lenye 4.875 klachi inashika likiwa kwenye kilomita 5.9 kwa saa. Lenye 6.167 inashika kwenye 4.6. Gawanya 6.167 kwa 4.875, zidisha jibu kwa lenyewe: 1.6. Kila unapoondoka, hata kwenye tambarare, klachi ya 4.875 inapokea joto mara 1.6. Kwenye mlima tofauti inazidi hapo, kwa sababu lori linachelewa kushika mwendo na pleti inaendelea kusugua.

Sasa mtazame dereva anayeondoka kwa gia namba mbili kwa sababu "namba moja ni ya matope". Namba moja ni 6.70, mbili ni 4.00. Gawanya, zidisha jibu kwa lenyewe: joto mara 2.8. Hakuna difu litakaloiokoa klachi ya namna hiyo. Tela likiwa na mzigo, ondoka kwa namba moja kila mara.

Utajuaje kama difu linatosha? Kwenye mahali pako pabaya, klachi ishike kikamilifu ndani ya sekunde 2 au 3 bila kupandisha mizunguko juu ya 1,200 hivi. Ikichukua sekunde 5 na ile harufu ya karatasi iliyoungua ikapanda hadi kebini, difu ni dogo mno kwa kazi hiyo, au pleti imeshaisha. Kagua pleti kwanza. Ni rahisi kulilaumu difu kwa kosa la pleti.

## Hatua ya 6: Angalia mwendo wa safari

Sasa tu ndipo unaangalia barabara kuu.

Mizunguko ya injini = kilomita kwa saa × gia × difu ÷ (mzingo × 0.06)

Kwa tairi la mita 3.20, mzingo × 0.06 ni 0.192. Lori zito sheria inaliruhusu hadi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Kwa gia ya 6 kwenye 80: difu la 4.875 linatoa mizunguko 1,523, la 5.571, 1,741, la 6.167, 1,927.

Hapo mwenye lori anaona 1,523 na kusema: hilo ndilo la kuokoa dizeli. Asubiri. Kati ya Kigoma na Kibondo, au Tabora na Kaliua, kuna kijiji baada ya kijiji, matuta, ng'ombe, baiskeli zenye mkaa. Lori lenye tela huko hutumia muda mwingi likiwa kwenye 60 kuliko 80.

Kwenye 60 kwa gia ya 6, difu la 4.875 linashusha injini hadi 1,143, chini ya kijani. Injini inagugumia, moshi unakuwa mweusi, dereva anarudi gia ya 5 na mizunguko inakuwa 1,523. Difu la 6.167 kwenye 60 hiyohiyo linatulia gia ya 6 kwa mizunguko 1,445. La 5.571 linatulia kwa 1,306. Kwa hiyo difu "la kuokoa mafuta" linazungusha injini zaidi kuliko yale mengine mawili, kwenye mwendo ambao kweli unautumia.

Kipimo cha kufaulu: kwenye mwendo wako wa kila siku, gia ya mwisho iweke injini kati ya 1,250 na 1,600, na kwenye 80 isivuke juu ya kijani kwa zaidi ya kidogo. 6.167 inavuka kidogo sana, kwa mizunguko 27; tembea 75 na utakuwa karibu 1,806.

## Hatua ya 7: Tazama mapengo kati ya gia

Difu linasogeza gia zote kwa kiasi kilekile. Halizibi pengo kati ya gia moja na nyingine.

Kwenye lori letu kutoka 2 kwenda 3 ni 4.00 ÷ 2.35 = 1.70. Ukibadilisha kwenye 2,200, unaangukia 1,294. Na hiyo ni kama lori halikupoteza mwendo wakati mguu uko kwenye klachi. Mlimani au mchangani linapoteza, na unaweza kushuka chini ya 1,100, ukarudi namba 2, ukaenda 3, ukarudi tena.

Hesabu mlima unaosumbua. Lami, asilimia 5, tani 24: 24,000 × 0.06 = kilo 1,440. Gia ya 3 kwa toki ya juu ya 70 inatoa kilo 1,339 kwa difu la 4.875, na 1,530 kwa 5.571. La kwanza haliwezi, linabaki namba 2 kwenye kilomita 20 kwa saa injini ikilia. La pili linapanda kwa namba 3 kwenye 22, injini imetulia kwenye 1,500. Kasi karibu ni ileile; kilichobadilika ni injini isiyopigwa.

Usitegemee difu la namba kubwa likupandishe mlima kwa kasi. Kasi ya kupanda inatoka kwenye uwezo wa injini. Difu linakupa gia inayokaa vizuri kwenye mlima huo, basi. Kama hesabu inaonyesha mlima wako unaangukia katikati ya gia mbili kwa kila difu, tatizo ni giaboksi, na dawa yake ni giaboksi yenye nusu gia.

## Hatua ya 8: Hakikisha tairi zinashika

Hatua hii ni fupi lakini inaokoa fedha nyingi. Ekseli ya nyuma yenye tani 10 kwenye changarawe kavu inaweza kusukuma karibu kilo 6,000 kabla tairi hazijateleza. Changarawe hiyohiyo ikilowa, shika karibu 3,000. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, chini zaidi.

Rudi kwenye jedwali: hata difu la 4.875 linatoa 3,054. Kwa maneno mengine, kwenye matope difu lolote lina nguvu ya kutosha kuzungusha tairi bure. Kama kilio chako ni matope, usinunue difu. Tengeneza loku ya difu (inayofunga matairi ya pande mbili yazunguke pamoja), nunua tairi zenye meno, panga mzigo wa lori uelemee ekseli ya nyuma bila kuvuka tani 10, au acha tela kabla ya matope na urudi kulichukua.

## Hatua ya 9: Nunua bila kurudisha

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Spea isiyoingia inakula nauli mara mbili na wiki za lori kulala. Mtumie muuzaji haya yote kabla hajapakia: namba ya chasisi, picha ya difu lilivyo, meno ya kronwili na pinioni ya sasa, kipenyo cha kronwili, idadi ya bolti zake, idadi ya meno ya shafti ya pinioni, na idadi ya meno ya hafu shafti (shafti inayotoka difu kwenda gurudumu).

Ukiweza, nunua difu zima lililofungwa ndani ya kesi yake. Ni ghali zaidi, ila halihitaji kupimwa upya, na kwenye aina fulani kesi ya 4.875 haipokei kronwili ya 6.167 kwa sababu unene wa kronwili ni tofauti.

Ukinunua kronwili na pinioni peke yake, zikaguliwe kama ndugu pacha. Zimesagwa pamoja kiwandani, na kila jozi ina namba moja iliyogongwa kwenye zote mbili. Namba zisipofanana, kataa. Jozi iliyochanganywa italia siku ya kwanza na kula meno baadaye, hata fundi awe hodari vipi.

Onyo kubwa: lori la madifu mawili, au la kuvuta mbele na nyuma, lazima madifu yote yawe na namba moja. Ukibadilisha moja tu, yanapigana kila tairi linapozunguka. Kinachofuata ni tairi kuisha haraka, kisha gia kuvunjika.

## Hatua ya 10: Kufunga

Kazi hii ni ya fundi mwenye dayali geji, saa ya kupimia mchezo mdogo wa meno. Gereji isiyo nayo isiguse jozi mpya. Ifunge difu zima tu. Wewe simamia mambo manne.

Beringi za pinioni ziwe mpya na zikazwe kwa kipimo cha kitabu. Zikilegea, pinioni inacheza. Zikikazwa kupita kiasi, zinaungua.

Mchezo kati ya meno ya kronwili na pinioni upimwe sehemu nne za kronwili. Kwa madifu mengi ya malori ya kati ni kati ya milimita 0.2 na 0.35, lakini namba ya kitabu chako ndiyo inayoshinda.

Meno yapakwe rangi na kuzungushwa. Alama iliyo sawa inakaa katikati ya urefu na kimo cha jino, ikielekea kidogo upande mwembamba wa ndani. Alama ikiwa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, inasogezwa ndani. Ikiwa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, inarudishwa nje. Omba kuona alama hiyo kwa macho yako kabla difu halijarudishwa.

Mafuta yawe GL-5, 85W-140 au yale kitabu kinavyosema. Usiyatie hayohayo kwenye giaboksi bila kusoma kitabu: giaboksi nyingi za gia za mkono zina ringi za shaba, na zinataka GL-4.

## Hatua ya 11: Kilomita elfu moja za kwanza

Kilomita 100 za mwanzo nenda bila tela. Simama kila baada ya kilomita 20 au 30, gusa difu kwa mkono karibu na pinioni. Joto la mkono kuvumilia ni sawa. Ukiurusha mkono mara moja, beringi zimekazwa mno. Rudi gereji kabla hujaendelea.

Sikiliza kwa masikio mawili tofauti: ukikanyaga mafuta, na ukiachia. Difu linalolia kwenye hali moja tu limepangwa vibaya mahali pinioni ilipokaa. Linalonguruma wakati wote ni la beringi. Kelele haiondoki kwa kuzoea wala kwa kuongeza mafuta mazito.

Saa ya mwendo nayo sasa inadanganya, kwa sababu inasoma mzunguko unaotoka kwenye giaboksi. Ukitoka 5.571 kwenda 6.167, ukiwa kwenye 80 ya kweli itaonyesha karibu 89. Badilisha gia ndogo ya kebo ya spidi mita, au rekebisha kihisio chake. Ukitoka namba kubwa kwenda ndogo hatari inageuka: saa inaonyesha chini ya mwendo wa kweli, na dereva anavunja sheria bila kujua.

Mteremkoni, shuka kwa gia ambayo ungepandia. Difu la namba kubwa linasaidia injini kushika lori zaidi, lakini pia linapandisha mizunguko haraka. Ikikaribia rangi nyekundu, kanyaga breki kwa nguvu ushushe mwendo, achia zipoe, kisha rudia. Usibonyeze klachi mlimani ukishuka na tela.

Kilomita 1,000 zikitimia, mwaga mafuta yakiwa ya moto, ufungue boliti yenye sumaku. Sugua kilichonasa kati ya vidole. Ute wa kijivu laini kama majivu ni chuma cha meno yanayojisaga mapya. Futa, tia mafuta mapya, uendelee na kazi. Ukihisi vipande vyenye kingo, hata viwili vitatu, usifunge boliti hiyo. Shusha difu siku hiyohiyo.